Mshumaa Kwenye Tangi la Tatu

Shemeji yangu alifia ndani ya tangi la tatu, asubuhi kweupe, makapi ya zabibu yakiwa yamemfika magotini. Mwanawe alitaka kushuka kumfuata, nikamzuia kwa nguvu. Baba akafa, mtoto akabaki. Dada yangu, ambaye mmoja alikuwa mume wake na mwingine ni mtoto wake, hajanipa mkono tangu siku hiyo.

Kila mtu analisimulia jambo hili kwa namna yake, hata waliokuwa mbali. Mimi nilikuwa pale. Lakini huwezi kulielewa bila kuijua kazi, kwa hiyo naanza na kazi.

Mimi ni msimamizi wa ghala la mvinyo. Shule niliiacha mapema, baba alipoumia mgongo, nikaingia shambani kuchuma zabibu. Kisha nikapelekwa ghalani kuosha mapipa, na humo sikutoka tena. Shamba lenyewe liko kwenye vilima vya mawe ya itale yaliyomomonyoka mpaka yakawa changarawe. Ukipanda mahindi pale utavuna aibu. Lakini kuna zabibu inaitwa gamei, hiyo inaupenda udongo wa namna hiyo, kadiri unavyokuwa maskini ndivyo inavyonona. Ganda lake ni jeusi na jembamba, juisi yake ukiikamua ni nyeupe. Ina matatizo yake. Inachipua mapema mno, baridi ikirudi ghafla inaikuta nje na kuiunguza. Na usipoibana kwa mkasi inazaa kupita kiasi, halafu mvinyo wake unakuwa kama maji ya kuoshea glasi.

Ukiitunza inakupa mvinyo mwekundu mwepesi. Unainua glasi dirishani na unaviona vidole vyako upande wa pili. Unanukia matunda yaliyochumwa sasa hivi, mara nyingine ndizi mbivu. Haukaushi ulimi. Unapozwa kidogo kabla ya kunywewa, jambo ambalo wazee wa ghalani walipolisikia mara ya kwanza walidhani ni utani.

Zamani hatukuufanya mvinyo huu. Tulifanya mzito. Zabibu zilikuwa zinapondwa zote, zinachachuka pamoja na maganda yake kwa majuma, kisha zinakwenda kulala kwenye mapipa. Mwenye shamba, ambaye sote tunamwita Madam, ndiye aliyebadilisha. Hoteli zilikuwa zimeacha kununua mzito. Watu wanakula mchana na kurudi kazini, hawataki kinywaji cha kuwalaza. "Wanataka mvinyo usiogombana na chakula," alituambia.

Akaleta mtaalamu, akatufundisha. Zabibu haipondwi. Vichala vinaingia tangini vizima, na vikonyo vyake, mfuniko unafungwa, tangi linajazwa gesi ya kaboni. Ndani ya gesi hiyo kila punje inaanza kuchachuka yenyewe ndani ya ganda lake, bila kupasuka. Ni kama kila punje imekuwa tangi dogo. Baada ya siku chache unafungua, unatoa mvinyo uliojikusanya chini, halafu mtu anashuka kuyatoa makapi ili yakakamuliwe kwenye mtambo.

Hapo kwenye kushuka ndipo penye mauti. Hata mvinyo wa zamani ulikuwa unatoa gesi. Ni nzito kuliko hewa, inatulia tangini kama maji, ila huioni. Matangi yetu ni ya saruji, yamechimbwa kwenye sakafu, kina chake ni mtu mmoja na nusu. Hayana mlango wa chini. Unaingilia juu na unatokea juu. Ukivuta gesi ile mara mbili magoti yanakunjika, na ukishaanguka unaendelea kuivuta.

Kwa hiyo kuna mshumaa. Kabla ya mtu kushuka unaufunga kwenye waya, unauwasha, unauteremsha mpaka chini. Ukizimika, unaweka feni na kusubiri. Ukiwaka, unashuka. Baba zetu walifanya hivyo na wakafa vitandani. Kulikuwa na kipimo cha betri pia, kimetundikwa ukutani, Madam alikinunua. Hatukukiamini. Kilikuwa kinalia hata mtu akipiga chafya.

Shemeji tulimwita Spika, kwa sababu ya sauti. Alikuwa mtu mnene, mwenye kifua kama pipa, na akiongea ghalani chupa zilikuwa zinagongana kwenye masanduku. Alimwoa mdogo wangu wa kike tukiwa sote vijana, na tangu hapo nilifanya naye kazi bega kwa bega, yeye akiongea na mimi nikimwambia anyamaze. Dada yangu ni mpishi wa jumba la Madam, jikoni kwake ni ngazi kumi na kitu juu ya ghala. Mtoto wao, mpwa wangu, alikuwa anaendesha foklifti ya kubebea kreti uani. Kwa hiyo siku ile sote tulikuwa chini ya paa moja.

Kulikuwa na mgeni anakuja mchana. Mnunuzi, anayenunulia hoteli kadhaa. Angeonja mvinyo mpya wa tangi la tatu, tuliokuwa tumeutoa jana yake, na angeuonja pamoja na chakula, sahani moja baada ya nyingine. Spika ndiye angesimama mezani kumweleza. Madam alijua anachofanya. Mimi ningesema mvinyo ni huu, kunywa.

Lakini kabla ya hapo tangi lilitakiwa liwe tupu. Zabibu zilizochumwa alfajiri zilikuwa uani kwenye kreti, jua limeanza kupanda, na gamei haisubiri juani. Ganda lile jembamba linapasuka.

"Shemeji," akaniambia akivaa buti za mpira, "leo usinisemeshe sana. Nahifadhi sauti."

"Ungeanza kuihifadhi tangu siku ya harusi, tungekuwa tumepumzika."

"Una wivu. Mimi nikiongea chupa zinauzika. Wewe ukiongea zinachacha."

Harufu ya kuku ilikuwa imeanza kushuka kutoka jikoni. Akainua pua.

"Mke wangu ana kuku watatu kwenye oveni. Nimemwambia paja moja aliweke pembeni."

"La mgeni?"

"Mgeni gani. Langu."

Jioni ya jana yake tulikuwa tumelipuliza tangi kwa feni. Akachukua mshumaa kwenye rafu, akaufunga, akauwasha, akauteremsha. Tuliinama wote wawili ukingoni. Chini kabisa, juu ya makapi, mwali ulisimama wima. Haukutikisika hata kidogo.

"Umeona?"

"Nimeona."

Akauvuta juu, akauzima kwa vidole, akautia kwenye mfuko wa kifuani kama alivyozoea. Akashuka ngazi akiwa na uma wake wa meno manne. Mimi nilibaki juu kwenye kamba. Kazi ilikuwa hivi: anajaza ndoo, anatingisha kamba, navuta, namwaga kwenye toroli, namrudishia.

Ndoo za mwanzo zilipanda bila tatizo. Naye akaanza kujizoeza maneno ya mezani. Sauti ikitoka tangini ilikuwa kubwa mara mbili.

"Karibu sana, mheshimiwa. Huu ni mwekundu, ila usiuogope, haujaja kugombana na mtu. Upoze kidogo, kama maji ya mtungi. Sasa tuje kwenye ndugu zake. Kuku wa kuokwa, huyo ni ndugu yake wa damu, tumbo moja. Uyoga uliokaangwa kwa siagi ni binamu, wanataniana. Soseji na nyama baridi ni majirani, wanakuja bila kubisha hodi."

"Na samaki?" nikamuuliza, nikimwaga ndoo. "Atakuuliza samaki."

"Samaki mwenye mafuta ni rafiki wa shule. Watu wanashangaa walijuana wapi, lakini wanapatana. Asimlete samaki mwembamba tu, atamezwa."

"Pilipili?"

"Pilipili ni mkwe. Unamheshimu, unakaa naye mbali."

Nilicheka. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nacheka.

"Na jibini laini," akasema, "jibini laini ni..."

Akanyamaza.

Nilidhani anatafuta neno. Spika hakuwa mtu wa kutafuta neno, lakini ndivyo nilivyodhani. Nikasubiri kamba itingishwe. Haikutingishwa.

"Ni nani?" nikamwuliza. "Spika. Jibini ni nani?"

Nikaitingisha kamba mimi mwenyewe.

"Shemeji, acha mchezo, zabibu zinaungua huko nje."

Alikuwa mtu wa michezo. Aliwahi kujificha kwenye pipa tupu kumtisha mkaguzi. Nikainama kuangalia, na kabla sijaona kitu pua ikanichoma, kule ndani kabisa, kama umekunywa soda kwa haraka ikakupanda. Nikarudisha kichwa, nikabana pumzi, nikaangalia tena. Alikuwa amelala kifudifudi upande mmoja, uso ndani ya makapi, mkono wa kushoto umeegemea ukuta.

Wakati kama ule kuna jambo moja tu mwili unalitaka, nalo ni kushuka. Mguu wangu wa kulia ulikuwa tayari kwenye kipandio cha kwanza. Kilichonirudisha si akili, ni kitu nilichokiona nikiwa kijana. Kwenye shamba la ng'ambo ya kilima waliwahi kuwalaza ndugu watatu juu ya turubai, nje ya ghala. Wa kwanza aliingia kufanya kazi. Wa pili aliingia kumtoa wa kwanza. Wa tatu aliingia kuwatoa wote wawili. Walikuwa wamevaa buti za aina moja.

Nikatoa mguu. Nikapiga kelele za kuomba feni, kamba na zimamoto. Halafu nikaishika ngazi na kuivuta juu, kwa sababu nilijua nani atafika wa kwanza.

Alifika. Foklifti aliiacha inaunguruma mlangoni, akaingia mbio, akaniona nimeshika ngazi inatoka tangini na baba yake yuko ndani. Hicho ndicho anachowaambia watu mpaka leo: alivuta ngazi, baba akiwa ndani. Hasemi uongo.

"Mjomba, unafanya nini? Baba yuko wapi?"

"Simama hapo hapo."

Hakusimama. Akapita pembeni yangu kuelekea ukingoni, akaona. Akakunja magoti aruke. Nikaitupa ngazi, nikamkamata mkanda wa suruali kwa nyuma na kumvuta kwa uzito wangu wote. Tukaanguka pamoja. Bega lake likapiga kwenye ukingo wa saruji, nikasikia mfupa. Yeye sidhani kama alisikia. Akataka kuinuka, nikamlalia.

Ana nguvu kuliko mimi. Mimi nina uzito kuliko yeye, basi.

"Niachie, mjomba. Niachie, baba yuko chini."

"Najua yuko chini."

"Nabana pumzi. Nashuka nimebana pumzi, namfunga kamba, natoka."

"Utaibana ya kushukia. Ya kumwinua utaitoa wapi? Baba yako ana kilo mia na kitu."

"Sasa tunamwacha?"

"Feni inakuja."

"Feni?" akasema. "Feni, mjomba?"

Wanawake wa meza ya kuchambua zabibu walikuwa wameshaingia. Niliwaelekeza nikiwa juu ya mgongo wake: wewe lete feni ya kukaushia, wewe shika bomba lake uliingize tangini, wewe simama pale na mtu asisogee karibu. Feni ile ni kubwa, inasukumwa kwa magurudumu, na ilikuwa upande wa pili wa ua kwa sababu asubuhi hiyo hakuna aliyedhani inahitajika. Mshumaa uliwaka.

Ikafika, ikawashwa. Nikawaambia wachukue fimbo ndefu yenye ndoano, ile ya kuvutia mabomba, wajaribu kumnasa mkanda. Mama mmoja alijaribu. Ndoano ilishika nguo, nguo ikachanika. Akajaribu tena, ikashika mkanda, wakavuta wanne, akageuka kidogo, halafu ndoano ikanyooka.

Ndipo mpwa wangu akasema, "Mkono unasogea. Mjomba, angalia mkono."

Tulikuwa tumelala ukingoni kabisa, vichwa vyetu vinaona chini. Niliangalia. Mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukutani, uliteleza kwenda chini juu ya saruji, vidole vikajikunja na kukunjuka.

Niliuona. Baadaye wakaguzi waliniuliza na nikawaambia hivyo hivyo, niliuona unasogea.

"Yuko hai. Niachie."

Sikumwachia.

Dada yangu akaingia akiwa na kitambaa cha jikoni mkononi. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka pale tulipolala, akaangalia tangini, akatuangalia sisi.

"Kaka," akasema. "Mwachie ashuke."

"Nikimwachia utazika wawili."

"Mume wangu yuko mle. Mwachie."

"Hapana."

"Kaka, nakwambia mwachie mtoto amtoe baba yake. Ni mtoto wangu mimi, si wako."

"Hapana."

Akapiga magoti na kuanza kuivuta mikono yangu. Kidole kimoja kimoja. Alikuwa ametoka kukata vitunguu, mikono yake ilikuwa inanuka vitunguu. Mpwa wangu akaacha kupigana na mimi akaanza kulia, uso kwenye sakafu, na dada akaendelea kukunjua vidole vyangu na mimi nikaendelea kuvifunga. Hivyo ndivyo zimamoto walivyotukuta.

Mtu wao mmoja alishuka na mtungi wa hewa mgongoni na barakoa usoni. Alimfunga mikanda, wakamvuta juu kwa kamba. Walimlaza pale pale kwenye saruji, wakamsukuma kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Uso wake ulikuwa na rangi ya mvinyo mpaka shingoni. Kisha aliyekuwa anasukuma akaacha, akakaa chini akajifuta jasho, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mgeni alikuwa amefika. Tuliambiwa baadaye kwamba alikaa garini muda wote ule, kisha akaondoka bila kushuka.

Yule mtaalamu alirudi siku ya ukaguzi, akaeleza. Alisema mshumaa haukudanganya. Ulisema kweli, ila ulisema kweli ya dakika ile ulipoteremshwa. Kwenye mvinyo wa zamani zabibu zilikuwa zimepondwa, gesi yake imeshatoka, kwa hiyo kuuliza mara moja kulitosha. Hivi vichala vizima havijatoa kitu. Kila punje imefungia gesi yake ndani ya ganda. Ukiweka uma na kuanza kuvigeuza, punje zinapasuka kwa maelfu, na tangi linajaa upya kuanzia kwenye miguu yako kupanda juu. Spika alikuwa anaifungulia gesi kwa mikono yake mwenyewe, ndoo baada ya ndoo, huku akiongea. Kuongea ni kuvuta pumzi.

Mtaalamu alitufundisha kufunga vichala tangini. Kuvitoa hakutufundisha, alidhani tunajua. Sisi tulidhani tunajua.

Daktari nilimwuliza kuhusu mkono. Akasema mwili unaweza kusogea wakati mwenyewe ameshaondoka. Nikamwuliza, unaweza, au ndivyo ilivyokuwa? Akasema kwamba unaweza. Nilimheshimu kwa kutonidanganya, lakini hakunisaidia.

Mazishini dada yangu alinipita. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa ndugu, mkubwa wao, na watu wote walinipa mkono, yeye akampa mkono aliyekuwa kabla yangu na aliyekuwa baada yangu. Mpwa wangu alikuwa na bandeji begani. Aliangalia viatu vyangu.

Nilisubiri arobaini ipite, nikaenda kwake. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimkuta nje anachambua mchele kwenye ungo. Juu ya dirisha nyuma yake kulikuwa na kile kipande cha mshumaa, kile kilichokuwa mfukoni mwa mumewe. Zimamoto walikuwa wamempa pamoja na saa.

"Nimekuja tuongee," nikasema.

"Ongea."

Sikuwa nimejiandaa. Aliyekuwa anajua kuongea alikuwa amekufa.

"Ungekuwa umenizika mimi leo, na mumeo, na mtoto," nikasema. "Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Sasa?"

Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa.

"Nilikwambia umwachie," akasema. "Yeye alikuwa pale chini yako, alisikia. Alisikia mama yake anasema aachiwe ashuke. Sasa anajua, na mimi najua, na wewe unajua. Yeye nitamvumilia, ni mwanangu. Wewe siwezi. Kila nikikuona naisikia sauti yangu mwenyewe."

"Hukuwa na akili zako saa ile."

"Nilikuwa nazo, kaka. Nilikuwa nataka mume wangu. Nenda nyumbani."

Nikaenda nyumbani.

Mpwa wangu aliacha kazi ghalani. Anaendesha lori la mizigo sasa, kwa mkono mmoja na nusu. Nilikutana naye dukani mara moja, nikamwita, akanijibu akiangalia rafu. "Ungenipa dakika moja tu," akasema. "Moja. Nisingekudai kitu." Angenidai nini, angekuwa amelala kwenye turubai. Lakini hilo si neno la kumwambia mtu ambaye ameuona ule mkono, na mimi nimeuona pamoja naye.

Mnunuzi alirudi baada ya mwezi. Mezani alisimama Madam mwenyewe. Mvinyo wa tangi la tatu, ule tulioutoa siku ya kabla, mnunuzi alisema ndio bora kuliko yote aliyoonja mwaka ule, akauchukua wote. Dada yangu ndiye aliyempikia. Kuku, uyoga, samaki, jibini laini. Unapatikana kwenye hoteli zake, na nyuma ya chupa kuna kibandiko kinachosema unywewe umepozwa, na kinataja vyakula hivyo vyote na udugu wake kwa mpangilio ule ule. Madam alikuwa amemsikia Spika akijizoeza asubuhi ile, sauti yake ilifika hadi jumbani. Kwenye jibini hakuna maelezo, ni neno tu. Mpaka leo sijui jibini angekuwa nani.

Siku hizi anayeshuka anavaa kile kipimo cha betri kifuani, na feni inanguruma muda wote, na kikilia tunamtoa hata kama kimelia bure. Kazi inakwenda taratibu. Zabibu zinaungua uani, na hakuna anayesema kitu.

Gharama yake ni hii. Shemeji mmoja. Makapi ya tangi zima, yaliyomwagwa shimoni kwa sababu hakuna aliyekubali kuyakamua. Bega moja la mpwa wangu, nililolivunja mimi, ambalo halikuunga vizuri, mkono hauinuki kupita sikio. Dada mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Na mjukuu mmoja: mpwa wangu alioa mwaka jana, akapata mtoto wa kiume, akampa jina la babu yake. Jirani ndiye aliyeniambia. Wanasema analia kwa sauti kubwa sana. Bado sijambeba.